Wanawake tuitikie shikamoo bila kinyongo

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nitoe maoni yangu kuhusu makala ya hivi karibuni katika safu ya wanawake ya gazeti lako, iliyowafundisha wanawake waliovuka miaka 40 namna ya kuonekana kama hawajaivuka. Sina ugomvi na mwandishi wake. Ushauri wa kunywa maji ya kutosha na kulala mapema haumdhuru mtu, na kanga iliyofungwa vizuri humpendeza mwanamke wa umri wowote. Kilichonifanya nishike kalamu ni dhana iliyobeba makala nzima, kwamba umri wa mwanamke ni siri ya aibu inayopaswa kufunikwa kwa rangi, kwa poda na, ikibidi, kwa uongo. Mimi ni mwanamke wa miaka 53, mwalimu wa sekondari hapa Tanga, na naona dhana hiyo inatugharimu mambo makubwa kuliko bei ya kopo la krimu.

Kipimo chepesi cha jambo hili ni salamu. Kijana anapanda daladala, anamkuta mama wa makamo amekaa kiti cha mbele, anamwamkia kama alivyolelewa kwao, naye mama anakunja uso na kumwuliza, "Shikamoo ya nini, kwani mimi nimekuzaa?" Abiria wanacheka, kijana anabaki hajui aseme nini, na siku nyingine ataona heri aseme "mambo" tu, yaishe. Mwanamume wa umri uleule akiamkiwa huitikia marahaba kwa sauti nzito, na asipoamkiwa huuliza vijana wa siku hizi wamelelewa na nani. Mvi zake huitwa busara, na akioa binti wa miaka 22 watu husema ng'ombe hazeeki maini, wakacheka naye. Mwanamke akifika miaka hiyohiyo huitwa jimama, na akionekana anazungumza na kijana huitwa shangazi, wala si kwa maana ya undugu.

Kwa hiyo sisemi kwamba wanawake wanaoukimbia umri wao ni wapumbavu. Wanayo sababu, na si moja. Matangazo ya kazi za utumishi wa umma huweka sharti kwamba mwombaji asiwe na zaidi ya miaka 45, na wapo waajiri binafsi, hasa wa hoteli na maduka, wanaotafuta bila kificho "msichana mwenye mvuto". Mwanamke aliyeacha kazi ili alee watoto, akataka kurudi akiwa na miaka 47, anakuta mlango umefungwa, ilhali mwenzake aliyekwisha kuwemo ndani anaruhusiwa kuendelea mpaka astaafu kwa lazima akiwa na miaka 60. Nyumbani nako kuna hofu ya kuachwa au ya kuletewa mke mwenza. Na katika baadhi ya vijiji vya Kanda ya Ziwa hofu hiyo imekuwa ya kufa na kupona, kwa kuwa wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wakati mwingine kwa sababu tu macho yao ni mekundu, mekundu kwa moshi wa kuni na samadi waliyopikia familia maisha yao yote. Jamii inayomfanyia hivyo bibi kizee haina haki ya kumshangaa binti yake anayepunguza miaka akiulizwa umri.

Hata hivyo kuelewa sababu ni jambo moja, na kukubali matokeo yake ni jambo jingine. Gharama kubwa kuliko zote iko kwenye afya, na hapa nawaomba wasomaji wanaume wasifunue ukurasa, kwa sababu wake, dada na mama zao ndio ninaowasema.

Wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55, na wataalamu huhesabu kwamba imekoma pale inapopita miezi 12 mfululizo bila damu. Lakini hali hii haiji kwa siku moja. Miaka kadhaa kabla yake homoni ya estrojeni hupanda na kushuka bila mpangilio, na mwanamke huanza kuona mambo asiyoyazoea: joto linaloibuka kifuani na kupanda mpaka utosini, jasho la usiku linalolowesha shuka, moyo kwenda mbio, usingizi kukatika saa nane za usiku, hasira isiyo na chanzo, maungo kuuma. Aliyeelezwa mapema ataelewa ni nini. Asiyeelezwa, na ambaye hathubutu kuuliza kwa sababu swali lenyewe linautangaza umri wake, atatafuta jina jingine la kumpa ugonjwa huo, na kwetu pwani majina hayakosekani. Nimewaona walimu wenzangu wakijipepea kwa madaftari ya wanafunzi mwezi wa Julai, wakati upepo wa kusi unavuma na watoto wamevaa masweta, huku wakisema ni malaria. Wakameza dawa ya mseto bila kupimwa, joto likarudi, wakameza tena. Mmoja aliamua kwamba ni presha, akaanza kumeza vidonge vya jirani yake. Mwingine akaambiwa ana jini anayetaka ubani na kuku mweupe, akatoa vyote viwili, na jasho halikukatika. Malaria ipo, presha ipo, na kila mwenye dalili apimwe. Ninacholalamikia ni kwamba katika mazungumzo yote yale, yaliyofanyika miongoni mwa wanawake wasomi watupu, hakuna aliyetaja kukoma hedhi kama jambo linalowezekana, kana kwamba kulitaja kungemvunjia mwenziwe heshima.

Wapo wengine wanaodhani mambo yamekwisha kabla hayajaisha. Hedhi ikiruka miezi mitatu au minne, mwanamke wa miaka 46 anaacha uzazi wa mpango, na mwakani ananyonyesha huku binti yake mkubwa naye ananyonyesha. Kabla ya miezi 12 kutimia mimba bado inawezekana, na vitinda mimba kadhaa wa mtaani kwetu walipatikana kwa njia hiyo.

Lililo hatari zaidi ni damu inayorudi. Nimesikia kwa masikio yangu, tena kwenye shughuli ya harusi, mwanamke akijisifu kwamba hedhi yake imerejea baada ya kukatika miaka miwili, na wenzake wakampigia vigelegele kwamba amerudi usichanani. Mhariri, damu inayotoka baada ya hedhi kukoma si hedhi. Huenda sababu yake ikawa ndogo, kama kukauka na kuchubuka kwa ukuta wa uke, au kinyama kisicho na madhara. Lakini pia ni dalili ya saratani ya mfuko wa uzazi na ya shingo ya kizazi, na anayeiona anapaswa kufika hospitali bila kungoja iongezeke. Vigelegele vile viliniuma kuliko maneno yoyote ya dharau niliyowahi kusikia kutoka kwa wanaume, kwa sababu mwanamke yule alikuwa akipongezwa kwa jambo ambalo huenda lilikuwa ni ugonjwa, na kisa chenyewe ni kwamba kwetu sisi hakuna habari njema kuliko ya kuambiwa bado msichana.

Saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake nchini mwetu. Mwaka 2018 Serikali ilianza kutoa chanjo ya kirusi kinachoisababisha kwa wasichana wa miaka 14, na wanafunzi wangu wameipata hapahapa shuleni. Sisi wa miaka 40 na 50 tulikwisha kupita. Kinga yetu ni uchunguzi, nao si jambo la kutisha: mhudumu hupaka siki iliyopunguzwa makali kwenye shingo ya kizazi, akaangalia kama pana sehemu inayogeuka nyeupe, na panapoonekana dalili za awali mara nyingi hutibiwa siku hiyohiyo kwa kugandisha au kwa joto. Shirika la Afya Duniani, katika mkakati wake wa mwaka 2020, linataka asilimia 70 ya wanawake wawe wamechunguzwa wanapofikia miaka 35, na tena wanapofikia 45. Hesabu hiyo haiwezi kufanya kazi kwa mtu anayedanganya umri wake mpaka kliniki. Niliwahi kukaa foleni nyuma ya mama aliyemwambia muuguzi kwamba ana miaka 38, na huku mjukuu wake, mtoto wa kutosha kwenda chekechea, amemshika gauni akimwita bibi. Muuguzi aliandika 38. Angefanyaje?

Juu ya mifupa nitasema machache. Estrojeni ikipungua, mifupa hupoteza uimara haraka kuliko zamani, na ndiyo maana bibi anayeteleza bafuni huvunjika nyonga pale ambapo mjukuu wake angeinuka na kujipangusa. Dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao, maziwa, kutembea kwa miguu na kazi za kubeba uzito wa kiasi husaidia, na kwa wale ambao joto na kukosa usingizi vimewazidi, dawa za homoni zipo, zikitolewa na daktari aliyekwisha kumpima mhusika na kujua historia yake. Ni mambo ya kawaida kabisa, ya kuzungumzwa kama tunavyozungumza meno ya mtoto.

Sasa turudi kwenye urembo, ambao ndio uliokuwa mada ya makala yenu. Ingia saluni yoyote ya mtaani siku mbili kabla ya Idi. Msusi anachanganya rangi nyeusi kwenye kibakuli cha plastiki, anampaka mteja mafuta ya mgando pembezoni mwa paji la uso ili ngozi isishike weusi, kisha anapitisha rangi kwa mswaki uliokwisha kazi yake ya kwanza, mstari kwa mstari, mpaka mvi ya mwisho nyuma ya sikio. Baada ya muda kichwa kinaanza kuwasha. Mteja akisema kinawasha, anaambiwa avumilie, ndiyo inashika. Wengi wananawa na kuondoka salama. Wachache wanaamka kesho yake macho yamevimba hayafunguki na kichwa kinatoa majimaji, kwa sababu rangi nyingi nyeusi za nywele, na piko pia, zina kemikali iitwayo kwa kifupi PPD ambayo miili ya baadhi ya watu huikataa, na mtu anaweza kuitumia miaka mingi bila tatizo, halafu siku moja mwili ukagoma. Maelekezo ya kwenye pakiti yanataka rangi ijaribiwe kwanza kidogo kwenye ngozi, mtu asubiri siku mbili ndipo aipake kichwani. Sijawahi kuona saluni inayosubiri siku mbili.

Mkorogo ni mbaya zaidi. Katika krimu za kujichubua zinazouzwa kwa kificho huwamo zebaki, ambayo hudhuru figo, na haidrokwinoni, na dawa kali za jamii ya steroidi ambazo zikipakwa kwa muda mrefu huifanya ngozi kuwa nyembamba, ikajaa michirizi na kuchubuka kwa kitu kidogo. Bidhaa zenye viambato hivyo zimepigwa marufuku nchini, na Shirika la Viwango Tanzania ndilo linalosimamia vipodozi tangu mwaka 2019, lakini kila soko lina mahali ambapo ukiuliza kwa sauti ya chini utaletewa. Anayenunua ni nani? Wasichana wamo, lakini nimewaona wanawake wa rika langu wengi tu, walioanza kujichubua baada ya mume kuonekana na mtu mdogo. Wanapakaa ili wafanane na binti, na matokeo yake ni ngozi dhaifu kuliko ya mama zao, huku viungo vya vidole vimebaki vyeusi vilevile, vikitoa ushahidi.

Naomba nisihesabiwe miongoni mwa wanaopinga kujipamba. Mwenyewe natia hina Idi ikifika, na wanja haujawahi kuniondoka machoni. Bibi zetu wa Tanga, Pemba na Lamu walijifukiza udi na kutunga asumini wakiwa na wajukuu, na hakuna aliyewaona wamejifanya vigori. Mwanamke anayepaka rangi nywele zake kwa sababu anaipenda nyeusi yuko huru, kama alivyo huru anayeziacha nyeupe. Tofauti ninayoisema ni ya yule ambaye asipopaka hatoki nje, haendi kwenye kikao cha kikoba, na mjukuu akimwita bibi mbele ya wageni anampiga jicho.

Tena hao bibi zetu walijua kwamba umri huu una madaraka yake. Binti aliyevunja ungo alikabidhiwa kwa somo au kungwi, na kungwi hakuwa msichana. Alikuwa ni mwanamke aliyekwisha kuzaa, kulea, kuuguza na kuzika, ambaye neno lake halikupingwa ndani ya nyumba, hata na waume. Bi Kidude wa Zanzibar, ambaye dunia ilimjua kwa taarab, alikuwa mwalimu wa unyago, na aliendelea kupiga ngoma na kuimba mbele ya watu katika umri mkubwa mno mpaka alipofariki tarehe 17 Aprili 2013. Siku hizi tumeleta kitchen party, na jambo hilo lina raha zake, lakini nimehudhuria kadhaa ambapo anayemfunda bi harusi ni mshereheshaji wa kulipwa aliye rika moja naye, tena hajaolewa, huku mama wadogo na mashangazi, wenye ndoa za miaka 30 nyuma yao, wamekaa meza za nyuma wakipiga picha. Walipewa nafasi ya kusema? Wengine walipewa, wakaikataa, kwa kuwa kusimama pale kungewaweka upande wa wazee.

Wenye kudhani kwamba baada ya miaka 40 mwanamke anamalizia tu wangetazama tarehe za watu wanaowafahamu. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba mnamo mwaka 1880 na kuuza vyungu kabla ya kuwa mwimbaji, alikwenda Bombay kurekodi santuri zilizolitangaza jina lake pwani yote mwaka 1928, yaani alipokuwa anakaribia miaka 50, na hakuwahi kusifiwa kwa uzuri wa sura. Wangari Maathai wa Kenya alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004 akiwa na miaka 64. Samia Suluhu Hassan, aliyezaliwa Januari 1960, aliingia Baraza la Wawakilishi la Zanzibar mwaka 2000, akiwa na miaka 40, na aliapishwa kuwa Rais wa Jamhuri ya Muungano tarehe 19 Machi 2021 akiwa na miaka 61. Mtu anaweza kukubaliana na siasa zake au asikubaliane nazo, na hesabu ya miaka haibadiliki. Kama angesikiliza ushauri wa kwamba mwanamke wa miaka 40 kazi yake kubwa ni kupunguza makunyanzi, tungemjua kwa lipi?

Siwataji hawa ili kila mama wa genge aambiwe awe rais. Mwanamke wa makamo ninayemfahamu zaidi ni yule mweka hazina wa kikoba ambaye wenziwe humkabidhi sanduku la fedha kwa sababu wamemjua kwa miaka 20 na hawajawahi kumkuta na doa. Anayekataa shikamoo anaikataa na imani hiyo pamoja nayo, maana vimekuja kwa njia moja. Huwezi kutaka vijana wakusikilize kama mtu mzima kwenye kikao cha ukoo saa nne, kisha saa tano uwagombeze kwa kukuona mtu mzima.

Wasichana wetu wanatusikiliza pia. Darasani kwangu nina mabinti wa miaka 16 ambao tayari wanasema mwanamke akifika 30 hajaolewa "amechacha". Hawakulitoa neno hilo kwenye vitabu vya shule. Wamelisikia kwetu, jikoni na saluni, tukiwasema wenzetu na wakati mwingine tukijisema wenyewe kwa mzaha, na ndiyo maana wapo wanaoona masomo ya chuo ni kupoteza miaka ambayo ingetumika kutafuta mume kabla soko halijafungwa.

Kwa hiyo ombi langu kwako ni la kikazi. Katika safu hiyohiyo ya wanawake, mwalike daktari wa magonjwa ya wanawake ajibu maswali ya wasomaji kuhusu kukoma hedhi, na muwaruhusu wasomaji wasitaje majina ila wataje umri wao wa kweli. Mtueleze ni vituo gani vya mkoa wetu vinavyofanya uchunguzi wa shingo ya kizazi, siku zipi na kwa gharama gani, kwa maana mabango ninayoyaona yamebandikwa ndani ya kliniki, mahali ambapo anayeyasoma amekwisha kufika. Mwandishi wenu mmoja atafute jibu la kwa nini sharti la miaka 45 lisilegezwe kwa wanawake waliokatiza kazi kwa ajili ya kulea. Na mnapochapisha picha ya mama wa miaka 50, andikeni umri wake kama mnavyoandika wa mbunge mwanamume, kisha mtuambie anafanya kazi gani.

Wako,
Mwalimu wa sekondari,
Tanga